Uzi wa wanaopanga kwenda Nepal: hesabu siku kwanza, nauli baadaye

Binti Kibosho

Habari za leo wanajukwaa. Tangu nirudi kutoka Nepal naulizwa maswali yaleyale faragha, nikaona heri niyaweke hapa yote, wengine wanufaike na waliotangulia wanisahihishe. Mimi ni mwongozaji wa wageni Mlima Kilimanjaro, huu mwaka wa tisa, naishi Moshi. Safari ninayoizungumzia ni ile ya miguu kutoka Lukla, mji mdogo wenye uwanja wa ndege, hadi Base Camp ya Everest, kambi ya chini ya mlima, na kurudi. Everest yenyewe sijaipanda.

Nianze na kosa letu, maana ndilo lililonisukuma kuandika.

Nilikwenda na mdogo wangu wa kiume. Naye anafanya kazi mlimani, Uhuru kwake ni kama sokoni. Tulitazama namba tukaona Base Camp iko mita 5,364, na Uhuru ni 5,895. Tukajiambia kule ni chini ya kwetu kwa mita mia tano na zaidi, tutafika tu. Tulikuwa na siku 14, kuanzia kutoka nyumbani hadi kurudi nyumbani. Ili zitoshe tukaifuta siku ya mapumziko ya Dingboche.

Sasa sikilizeni tofauti, kwa sababu mtu yeyote aliyepanda Kilimanjaro anaweza kuingia kwenye mtego huu. Kwetu unalala juu kabisa usiku mmoja, tena nusu yake. Unafika Barafu, kama mita 4,670, saa tano usiku unaamshwa, alfajiri uko kileleni, na jua halijatua umeshashuka kwenye hewa nzito. Mwili unaondoka juu kabla haujapata nafasi ya kuugua sawasawa. Khumbu, yaani eneo la Everest, siyo hivyo. Unalala Dingboche mita 4,410, unalala Lobuche 4,940, unalala Gorakshep 5,164, na kila ukiamka bado uko kwenye hewa ileile nyembamba. Kilimanjaro inapima usiku mmoja wa nguvu. Kule unapimwa wiki nzima, na nguvu za miguu hazisaidii kitu.

Usiku wa Lobuche mdogo wangu akaanza kutapika. Nikafikiri ni chakula. Baadaye akaamka kwenda msalani, nikamwona anatembea kashika ukuta. Nikamwambia asimame aende kisigino kwa kidole kufuata ubao wa sakafu, kipimo kilekile cha ugonjwa wa mwinuko ninachowapa wageni wangu. Hatua ya tatu akaanguka. Mwongozaji wetu Mnepali hakusubiri kupambazuke. Saa nane usiku tulikuwa njiani na taa za kichwani, mpagazi kamshika upande huu, mimi upande ule, tukashuka hadi Pheriche kwenye zahanati ya Himalayan Rescue Association, watu wanaoshughulika na ugonjwa wa mwinuko tangu 1973. Wakampa oksijeni na deksamethasoni. Ilipofika mchana alikuwa anaomba chai.

Nimeshusha wageni wengi mlimani. Damu yangu sikuwahi kuishusha. Usiku ule nilikuwa namwomba Mungu kila hatua, na nilijua kabisa kwamba kilichotuleta pale ni siku moja tuliyoifuta mezani kwetu Moshi ili tuokoe hela ya chakula na malazi.

Kwa hiyo ukipanga, anza na siku. Kanuni wanayoifuata madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali unapolala pasipande zaidi ya mita 500 kutoka usiku uliopita, na kila siku tatu au nne kuwe na siku moja ya kutosogea. Njia yenyewe inakwenda hivi: Lukla unashuka kidogo kulala Phakding, kesho yake unapanda Namche (3,440) na hapo unakaa usiku mbili, halafu Tengboche, halafu Dingboche usiku mbili, halafu Lobuche, halafu Gorakshep na Base Camp, kisha unarudi. Usiku wa pili wa Namche na usiku wa pili wa Dingboche usimpe mtu yeyote auguse. Hiyo ni kama siku 12 za kutembea.

Juu ya hizo weka siku tatu za akiba kwa ajili ya Lukla. Uwanja ule una njia ya kurukia ya mita 527 tu, imejengwa kwa mteremko, mwisho mmoja ukuta wa mlima na mwisho mwingine bonde. Ndege ni ndogo na rubani anatua kwa macho. Ukungu ukishuka hakuna kinachoruka, na ukungu huo unaweza kukaa siku nzima au hata mbili. Nimeona mtu analia pale kwa sababu ndege yake ya kimataifa ilikuwa inaondoka Kathmandu jioni ileile. Na katika miezi ya wageni wengi, ndege nyingi za Lukla haziondokei Kathmandu, zinaondokea Manthali kule Ramechhap, mwendo wa saa nne au tano kwa gari. Maana yake saa saba usiku uko barabarani.

Ongeza siku mbili za Kathmandu na mbili za angani, unapata 19. Ndiyo hesabu ninayompa mtu. Ikiwa likizo yako ni ya siku 14, nenda Nepal, lakini chagua njia fupi na ya chini, kwa mfano Ghorepani na Poon Hill upande wa Pokhara. Poon Hill ni mita 3,210 na unaiona Dhaulagiri na Annapurna jua likichomoza. Hutajuta.

Ngosha wa Nyamagana

Uzi wa maana sana huu, pole kwa yaliyomkuta mdogo wako. Naomba kuuliza mambo ya makaratasi. Viza Mtanzania anapata wapi, na je, ni lazima kupita India?

Binti Kibosho

Asante mkuu. Viza unapewa ukifika uwanja wa Tribhuvan, Kathmandu. Ya siku 15 ni dola 30, ya siku 30 ni dola 50, ya siku 90 ni dola 125. Kwa hesabu ya siku 19 unalipa 50. Fomu unaweza kuijaza mtandaoni kabla hujaondoka, ukachapa na kwenda nayo. Nasisitiza uchape, kwa sababu mtu wa kaunta hapa nyumbani alituzuia karibu saa nzima akidai hatuna viza, mpaka msimamizi wake alipokuja kusoma masharti kwenye kompyuta.

India usipite kama huna sababu. Tuna njia mbili rahisi, Qatar Airways kupitia Doha na flydubai kupitia Dubai, unabadilisha ndege bila kutoka uwanjani. Delhi ukilazimika kutoka nje unahitaji viza yao, na kadi ya homa ya manjano wanaichukulia kwa uzito mkubwa. Asiye nayo, akitokea nchi zetu, wanaweza kumweka karantini hadi siku sita. Kadi hiyo ibebe hata usipopita India.

Hela: dola badilisha Kathmandu. Mashine za kutolea pesa zipo Lukla na Namche, baada ya hapo usizitegemee. Kila kitu juu ni taslimu: chakula, kuchaji simu, maji ya moto ya kuoga, na bei inapanda pamoja na mlima kwa sababu kilichopo mezani kimebebwa mgongoni. Kibali cha Hifadhi ya Taifa ya Sagarmatha ni rupia 3,000 kabla ya kodi, na halmashauri ya Khumbu ina ada yake. Hapa Mtanzania ajiandae moyoni. Tumezoea mlimani kwetu kulipa bei ya mwananchi, kule wewe ndiye mgeni. Wahindi na majirani wengine wa Nepal wanalipa nusu.

Sefu wa Ruwi

Mimi niko Muscat mwaka wa kumi na moja, na kazini kwangu Wanepali ni wengi kuliko Waswahili. Nimekwenda kwao mara mbili, mara zote kwa mwaliko wa rafiki, si kwa ajili ya mlima.

Naongeza jambo kuhusu tarehe. Oktoba kwao ni Dashain, sikukuu kubwa kuliko zote, inakwenda siku 15, na baada yake inafuata Tihar. Vijana wote walioko Doha, Dubai, Riyadh na huku kwetu wanataka kuwa nyumbani. Ndege za Ghuba kwenda Kathmandu zinajaa na nauli inapaa. Tarehe inahama kila mwaka kwa sababu inafuata mwezi, kwa hiyo itazame kabla hujakata tiketi. Ukiingia Kathmandu siku zenyewe za Dashain utakuta ofisi na maduka mengi yamefungwa.

Katika ndege hiyo utakaa na watu hao. Msalimie jirani yako "namaste", umwite *dai* akiwa mwanamume anayekuzidi umri, *didi* akiwa mwanamke. Ni kaka na dada, kama tunavyosema sisi kwa mtu tusiyemjua. Nilipomwita mama wa rafiki yangu *aama* alinishika mikono yote miwili. Nchi ile karibu robo ya uchumi wake ni fedha zinazotumwa na watoto wake walioko nje. Kijijini kwa rafiki yangu wanaume wa umri wangu niliwahesabu kwa vidole. Naomba anayekwenda alijue hilo, asiwaone watu wale kama mapambo ya mlima.

Binti Kibosho

Kaka Sefu, asante sana kwa hili. Ndege yetu kutoka Doha ilikuwa hivyohivyo. Kijana aliyekaa karibu nami alikuwa hajamwona mwanawe tangu azaliwe. Magurudumu yalipogusa ardhi ndege nzima ilinyamaza, halafu wakaanza kupiga simu wote kwa pamoja.

Kuhusu majira, ukiacha Oktoba na Novemba kuna Machi hadi Mei, na kwa sisi wa Moshi hiyo ni bahati. Masika yakianza huku, wageni wanapungua mlimani na wengi wetu tunakaa tu. Ndipo Khumbu kunakuwa kuzuri, milima ya chini imejaa maua mekundu ya rododendroni, na mwezi wa tano unawakuta wapandaji wa Everest kambini kwenyewe. Juni hadi Septemba mvua za monsuni, usiende Khumbu.

Mgumu wa Marangu

Dada, mimi nina swali la upande wangu. Wagumu wa kule wakoje? Wanabeba kilo ngapi?

Binti Kibosho

Nilikuwa nangoja mtu aulize hili.

Kwa wasiojua, sisi wapagazi wa Kilimanjaro tunajiita wagumu. Kwetu mzigo wa mgeni unawekwa kichwani au begani, unapimwa getini, na kikomo ni kilo 20. Kule mzigo unakaa mgongoni ndani ya tenga la mianzi linaloitwa *doko*, na unaning'inia kwenye ukanda unaopita juu ya paji la uso, *namlo*. Mkononi wana fimbo fupi yenye umbo la herufi T. Akichoka hatui mzigo, anaisimika fimbo nyuma na kuuegemeza tenga juu yake, anapumua akiwa amesimama, kisha anaendelea.

Wapo wa aina mbili. Wa wageni, wanaobeba mabegi. Na wapo wa bidhaa, wanaopeleka mbao, mafuta ya taa, soda na mabati, ambao wanalipwa kwa kilo. Utafiti uliotoka 2005 uliwapima hao wa bidhaa kwenye njia ya kwenda Namche, ukakuta wanaume wanabeba wastani wa asilimia 93 ya uzito wa miili yao. Nilisimama kando ya njia nikampisha mmoja aliyebeba mbao ndefu kunizidi urefu, miguuni kavaa kandambili. Nilimwambia "pole", ikanitoka kwa Kiswahili, akatabasamu.

Na wao wana "pole pole" yao. Wanasema *bistari, bistari*. Mara ya kwanza kumsikia mwongozaji wetu akimwambia hivyo mdogo wangu nilisikia koo linanibana.

Kwa hiyo ombi langu kwa kila anayekwenda. Kubaliana na kampuni, kwa maandishi, kwamba mpagazi wako habebi zaidi ya kilo 20, ana bima, na ana nguo za kutosha baridi. Uliza atalala wapi na atakula nini. Sisi tuliacha jaketi mbili na viatu jozi moja. Bakshishi tuliwapa mkononi mwao wenyewe, kila mmoja bahasha yake, mbele ya wenzake wote.

Wa Nyeri

Asante sana dadangu kwa uzi. Nimepanda Mlima Kenya hadi Lenana mara mbili. Nauliza juu ya mamangu, ana miaka 58, anatembea vizuri sana na anataka twende pamoja. Watu wanamwambia amezeeka.

Binti Kibosho

Umri wenyewe haumzuii. James Kagambi wa kwenu alifika kilele cha Everest Mei 2022 akiwa na miaka 62, akawa Mkenya wa kwanza. Kwetu Wilfred Moshi alitangulia 2012, naye alikuwa mwongozaji wa Kilimanjaro kama sisi. Mpeleke mama kwa daktari kwanza apimwe moyo na presha, mwongezee siku moja zaidi pale Namche, na msikubali kuunganishwa na kundi la vijana wanaokimbia. Mara nyingi mlimani ninaowashusha ni vijana wenye nguvu, kwa sababu wanapanda haraka na hawasemi wanapoumwa.

Mkishavuka Dughla, kabla ya Lobuche, mtakuta mahali penye minara mingi ya mawe na bendera za maombi. Ni kumbukumbu za waliofia Everest. Mkisimama hapo mkumbukeni Cheruiyot Kirui wa kwenu na mwenzake Nawang Sherpa, ambao hawakurudi Mei 2024. Sisi hatukujua pa kuweka maneno, tukanyamaza tu.

Mwana wa Michenzani

Assalaam alaykum. Dada, vipi chakula kwa Muislamu? Na kusali?

Binti Kibosho

Waalaykum salaam. Chakula ni rahisi kuliko unavyodhani. Mlo wa nchi ni *dal bhat*, wali, mchuzi wa dengu na mboga, na ukimaliza wanakuongeza bila malipo. Viazi vipo kila mahali, ukipanda juu ndivyo vinavyolimwa. Nyama iache kabisa ukishapita Lukla, na hilo namwambia kila mtu, Muislamu na Mkristo. Khumbu hawachinji, ni ardhi takatifu kwa Masherpa, kwa hiyo nyama yote imebebwa mgongoni siku kadhaa kutoka chini. Ng'ombe ni marufuku kuchinjwa nchi nzima. Kathmandu misikiti ipo, Jame Masjid iko katikati ya mji karibu na Ghantaghar, na mitaa ya jirani ina hoteli za halali.

Sefu wa Ruwi

Naongeza hapo. Dira ya simu ipakue kabla, mtandao wa juu si wa kuaminika, na kibla kutoka kule ni magharibi. Udhu kwa maji yale ya asubuhi ni mtihani, nunua chupa ya chai uijaze maji ya moto usiku ulale nayo.

Kijana wa Sinza

Na Bhutan je? Naona picha za ile nyumba ya watawa iliyoning'inia kwenye jabali, nimeipenda kuliko Everest.

Binti Kibosho

Hiyo ni Taktsang, bonde la Paro. Sijafika, ila nilifanya hesabu. Bhutan inatoza mgeni kama sisi dola 100 kwa kila usiku, kabla hujalipia kitanda wala chakula. Ilikuwa 200, wakapunguza nusu Septemba 2023. Viza dola 40. Siku sita tu tayari ni hela ya wiki mbili Khumbu. Na wanaotaka kilele wajue kupanda milima mirefu kule kumekatazwa, Gangkhar Puensum yenye mita 7,570 haijawahi kukanyagwa. Naiheshimu sana nchi iliyoamua hivyo. Kwa mfuko wangu, Nepal.

Wa Nyeri

Dadangu, bima nayo? Ajenti hapa Nairobi ameniuzia ya safari, anasema inatosha.

Binti Kibosho

Mwambie akuonyeshe mstari unaotaja kutembea milimani hadi mita 6,000 na uokoaji wa helikopta. Bima nyingi za kawaida zinakoma mita 3,000 au 4,000. Kama mstari huo haupo, hujanunua kitu.

Na kwenye helikopta muwe macho pande zote mbili. Mwaka 2018 serikali ya Nepal yenyewe ilichunguza udanganyifu, wageni wenye kichwa kinachouma kidogo wanatishwa wapande helikopta ili bima ilipe mara kadhaa. Kwa hiyo jifunzeni dalili wenyewe. Kichwa kuuma na kukosa hamu ya kula, simama hapo ulipo, usipande mpaka kiishe. Kuyumba, kuchanganyikiwa, kukohoa povu au kuhema ukiwa umekaa, shuka sasa hivi, usiku huohuo, kwa miguu kama miguu inakwenda. Diamox, dawa ya kukinga ugonjwa wa mwinuko, muulize daktari kabla ya safari, wengi wanapewa miligramu 125 asubuhi na jioni. Inasaidia mwili kuzoea, haikuruhusu kuruka siku.

Ngosha wa Nyamagana

Nimekaa na mke wangu jana usiku tumepiga hesabu upya. Tulikuwa na siku 13. Tumeahirisha kutoka Oktoba hii hadi Aprili mwakani, tutaunganisha likizo za miaka miwili, tunapata siku 20. Vifaa nitatafuta wapi? Mwanza hakuna duka la mlima.

Binti Kibosho

Umenifurahisha sana, mkuu. Pita Moshi kabla, Soko la Memorial kwenye mitumba utapata jaketi za manyoya ya bata na suruali za mvua nzuri kwa bei ya kuelewana, nitakwenda na mkeo mwenyewe kuchagua. Viatu tu ndivyo mnunue vipya na mvivae miezi miwili kabla. Mfuko wa kulalia msibebe, kodini Thamel pale Kathmandu, kwa sababu ndege ya Lukla inaruhusu kilo 15 kwa mtu, na begi la mkononi limo humo.

Halafu ile siku ya pili ya Namche msilale kitandani. Asubuhi mapema pandeni taratibu hadi Hotel Everest View, mita 3,880, mnywe chai, mkae saa moja, mrudi kulala chini Namche. Kama hakuna mawingu, pale ndipo mtakapoiona Everest vizuri kwa mara ya kwanza, nyuma ya ukuta wa Nuptse, na Ama Dablam upande wa kulia. Mkikuta mawe yaliyochongwa maombi njiani, yapiteni yakiwa upande wenu wa kulia. Yaki, wale ng'ombe wa mlimani wenye manyoya marefu, wakija, simameni upande wa mlima, kamwe si upande wa bonde.

Niandikie tarehe za tiketi mkishakata, niwaunganishe na mwongozaji aliyemshusha mdogo wangu.